Nakunywa maziwa vizuri, mbona kipimo cha DNA kinasema siwezi?

SWALI: Nilipima DNA nilipokuwa masomoni Ujerumani. Majibu yakasema mwili wangu haumeng'enyi maziwa. Kwetu ni wafugaji, na nakunywa maziwa tangu utotoni bila shida. Nimesoma pia kwamba jeni la laktezi halitofautiani kati ya wanaoweza maziwa na wasioweza. Tofauti inatoka wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Inatoka nje ya jeni lenyewe. Laktezi ni kimeng'enya kinachovunja laktosi, sukari ya maziwa, na jeni lake liko kwenye kromosomu namba 2. Swichi yake, yaani sehemu ya DNA inayoliwasha, iko takriban herufi 14,000 za DNA kabla ya mwanzo wa jeni hilo, ndani ya jeni jirani liitwalo MCM6, katika kipande kinachokatwa na kutupwa kabla protini ya MCM6 haijatengenezwa. Herufi moja ikibadilika hapo, hakuna protini inayoharibika. Ila protini zinazowasha jeni hunasa hapo kwa nguvu zaidi, na laktezi huendelea kutengenezwa hata ukubwani. Kwa wasio na badiliko hilo hupungua tangu utotoni.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hilo, moja kutoka kwa kila mzazi, na kila swichi huwasha nakala iliyo kwenye kromosomu yake tu. Hata hivyo, nakala moja yenye badiliko kwa kawaida inatosha.

Sasa angalia ripoti yako. Badiliko la Wazungu liko nafasi ya 13910, yaani herufi 13,910 kabla ya mwanzo wa jeni la laktezi; kwenye ripoti huandikwa kwa alama rs4988235. Mwaka 2007 mtafiti wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba kwa wengi Tanzania na Kenya liko nafasi ya 14010: herufi G imekuwa C, alama rs145946881. Kama maabara ilisoma 13910 pekee, haikugusa swali lako. Omba wasome 14010, pamoja na 13907 na 13915.

Kunywa glasi moja bila kuumwa si ushahidi, maana mililita 250 zina gramu 12 hivi za laktosi na wengi wasio na kimeng'enya huzimudu. Mtindi nao una laktosi pungufu, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu yake. Hospitali hukupima hivi: unalala bila kula, asubuhi unapimwa sukari ya damu, unakunywa gramu 50 za laktosi kwenye maji, kisha unapimwa kila dakika 20 kwa saa nzima. Ikipanda zaidi ya milimoli 1.7 kwa lita, laktezi ipo. Chini ya 1.1, haitoshi, katikati, rudia. Tumbo linalochelewa kusukuma chakula huzuia sukari isipande hata laktezi ikiwepo, na mwenye kisukari amweleze daktari kabla ya kunywa.