Muhuri wa Dola 800, Kanisa Ndani ya Ghala na Gereji ya Kulala Watoto

Barua za mwezi huu zimetoka Marekani zote, kwa ndugu zetu wanaojenga, wanaonunua au wanaotaka kurudi kwenye taaluma waliyoisomea nyumbani. Mimi ni msanifu majengo mwenye leseni, na miaka mingi ya kazi yangu nimeipitisha kwenye ofisi ya vibali ya mji mmoja huku, nikikagua ramani za watu. Nawajibu nikiwa nimekaa upande ule wa dirisha.

SWALI: Shikamoo dada. Nilisomea usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, na Tanzania nilikuwa nimesajiliwa. Sasa niko Houston, Texas, nafanya kazi ya kupakia mizigo. Jamaa wawili wamenifuata. Mmoja anataka nimchoree nyumba ya kuishi, isiyo na ghorofa. Mwingine anataka apatimenti 12 kwenye jengo la ghorofa tatu, kwa hesabu ya huku ambayo ya chini nayo ni moja. Kuna mhandisi mwenye leseni anayesema atanigongea muhuri kwa dola 800 kila ramani, hana haja hata ya kukutana nami. Usajili wangu wa nyumbani hautoshi? Na huyu mhandisi nimkubalie? — Mchoraji, Houston

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na muhuri, maana hapo ndipo unapoweza kuumia.

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima kwa wasanifu wala wahandisi. Kila jimbo lina sheria yake na bodi yake. Illinois ilitangulia kuwapa leseni wasanifu mwaka 1897, Wyoming ikafuata kwa wahandisi mwaka 1907, na leo hakuna jimbo lisilo na utaratibu huo. Kwa hiyo hata Mmarekani mwenye leseni ya Oklahoma hawezi kusaini jengo la Texas mpaka Texas nayo impe. Usajili wako wa Tanzania ni heshima yako na ushahidi wa ujuzi wako, ila hapo Houston hauwezi kupitisha ramani.

Muhuri maana yake ni kwamba kazi hii imefanyika chini ya usimamizi wa aliyeugonga tangu mwanzo, kwamba maamuzi ni yake na yuko tayari kuyajibia. Anayegonga juu ya kazi asiyoijua amevunja sheria ya leseni yake, na wewe uliyemlipa umo ndani ya kosa. Tena huyo ni mhandisi, na jengo la apatimenti la ghorofa tatu Texas linataka msanifu.

Nikuoneshe jinsi tunavyowagundua. Ramani ikifika mezani kwangu, ukurasa wa kwanza natazama matumizi ya jengo, aina ya ujenzi, eneo na idadi ya ghorofa. Kisha muhuri: namba ya leseni, tarehe ya kuisha, saini. Siku moja niliona mhimili juu ya ukumbi unaoishia hewani, upande mmoja hauna nguzo wala ukuta wa kuubeba. Nikampigia mwenye muhuri. Nikamwambia ule mhimili ulio karibu na ngazi una shida. Akaniuliza, "Ngazi gani?" Jengo lilikuwa na ngazi moja tu, na yeye hakujua kwamba ipo. Ramani ile ilirudi, na jina lake likapelekwa kwenye bodi.

Najua utasema mhimili ungeonekana tu wakati wa kujenga. Kuna makosa yasiyoonekana. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, jimbo la Missouri, madaraja mawili ya ndani ya ukumbi yalianguka juu ya watu waliokuwa kwenye dansi. Walikufa watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye paa, vikapita kwenye daraja la ghorofa ya nne na kufika mpaka la ghorofa ya pili. Watengenezaji wa vyuma wakavigawa kila kimoja kuwa viwili: cha juu kikashika daraja la nne, na daraja la pili likaning'inizwa kwenye lile la nne. Kwa badiliko hilo tu, nati iliyo chini ya mhimili wa daraja la nne ikabeba mzigo maradufu. Michoro yenye badiliko ilipita ikiwa na muhuri wa ofisi ya wahandisi, na hesabu ya kiungo kile hakuna aliyeifanya. Baada ya kesi, wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao za Missouri. Ndiyo maana nikisikia muhuri wa dola 800 bila kukutana, mwili unanisisimka.

Sasa habari njema, ambayo pengine hukuijua. Nyumba ya familia moja hapo Texas haihitaji muhuri wa msanifu. Sheria ya jimbo imeziacha nje nyumba za familia moja au mbili, na hata apatimenti zisizozidi ghorofa mbili na nyumba 16 katika jengo. Kwa hiyo ya jamaa wa kwanza unaweza kuichora wewe mwenyewe, kihalali, kwa masharti mawili. La kwanza, usijiite msanifu majengo kwenye kadi, mkataba, wala ukurasa wako wa mtandao. Jina hilo linalindwa na sheria, na jimbo linaweza kukutoza faini kwa kulitumia tu. Andika mchoraji au mbunifu wa nyumba. La pili, msingi. Houston ina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na kanuni za ujenzi wa nyumba zinataka msingi wa udongo wa namna hiyo usanifiwe kitaalamu. Mtafute mhandisi wa miundo, umpeleke kwenye kiwanja, apewe ripoti ya udongo, na msingi auchore yeye. Hapo muhuri wake utakuwa wa kweli.

Ile ya ghorofa tatu imevuka mpaka. Mpeleke jamaa yako kwenye ofisi ya msanifu mwenye leseni, na uombe kazi hapo hapo pamoja na mteja wako. Sisemi hivyo kukufariji. Njia yako ya kurudi kwenye taaluma inapita humo. Chombo kinachounganisha bodi za majimbo kinaitwa NCARB. Vyeti vyako vitalinganishwa na shahada za huku, utakusanya saa 3,740 za uzoefu katika maeneo sita ya kazi, kisha utafanya mtihani unaoitwa ARE, wenye sehemu sita. NCARB ina njia maalumu kwa wasanifu waliosajiliwa nchi nyingine, lakini Tanzania haina makubaliano ya kutambuana kama yale ya Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand, kwa hiyo mtihani utaufanya. Agiza sasa hivi nakala za matokeo yako kutoka chuoni, zitumwe na chuo chenyewe, maana hapo ndipo wengi hukwama miezi. Na saa zako ziripoti mapema. Kazi ya kuchora kwenye ofisi ya usanifu, hata kwa mshahara mdogo kuliko wa huko kwenye mizigo, inahesabiwa. Ya mizigo haihesabiwi.

SWALI: Bwana asifiwe, mama. Kanisa letu la Waswahili hapa Columbus, Ohio, limepata ghala la kukodi kwa bei nzuri. Tumeshatoa arbuni ila mkataba bado hatujasaini. Muumini mmoja, fundi hodari, alituchorea viti, madhabahu na vyoo. Mji umeirudisha ramani, wanataka muhuri wa msanifu. Wazee wengine wanasema tunaonewa kwa kuwa sisi ni wageni. Kuta zipo, paa lipo, sisi tunaingiza viti tu. — Mzee wa kanisa, Columbus

JIBU: Amina, mzee wangu. Naomba uwatulize wazee wenzako: ombi hili angeletewa yeyote, mzawa au mgeni. Tena namshukuru mkaguzi aliyewarudishia kabla hamjasaini.

Ghala limejengwa kwa ajili ya mizigo na wafanyakazi wachache wanaoijua milango. Mkiingiza viti, kisheria jengo linabadilika matumizi na kuwa mahali pa mkusanyiko, lenye watoto, vikongwe na wageni wa siku moja. Ohio inafuata kanuni zilizojengwa juu ya zile za pamoja za majengo zinazotumika karibu nchi nzima, na kwenye kanuni hizo mahali pa mkusanyiko pana masharti makali.

Pima ukumbi wenu. Kwa viti visivyofungwa sakafuni, kila mtu huhesabiwa futi za mraba 7. Ukumbi wa futi za mraba 2,100, ambao ghalani ni kona tu, unahesabiwa kuwa wa watu 300, hata kama siku zote mko 80. Wakifika 50, lazima pawe na milango miwili ya kutokea iliyo mbalimbali, ifunguke kwa nje, na kama ina komeo iwe na chuma cha kusukuma kwa mwili. Wakifika 300, kanuni inadai mfumo wa kunyunyiza maji darini wakati wa moto, na huo ndio unaomaliza mifuko ya makanisa. Lango la kukunja la ghala halihesabiwi kuwa mlango wa kutokea.

Masharti haya yamelipiwa kwa maisha ya watu. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa maonyesho wa Iroquois uliungua mjini Chicago, na zaidi ya watu 600 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Walikuta milango iliyofungwa, na mingine ya kuvuta ndani huku umati unasukuma kutoka nyuma. Ile nondo ya kusukuma unayoiona leo kwenye milango ya shule na kumbi ilienea Marekani baada ya hapo.

Basi fanyeni hivi. Nendeni kwanza kwenye idara ya mipango miji, muulize kama eneo la ghala linaruhusu nyumba ya ibada, maana likikataa hakuna muhuri utakaosaidia. Likikubali, mlipeni msanifu mwenye leseni ya Ohio alitembelee jengo kabla ya mkataba. Mwambieni awape makadirio ya idadi ya watu, milango, vyoo, njia ya viti vya magurudumu na mfumo wa maji ya kuzimia moto. Fundi wenu akae naye, michoro yake itaokoa saa nyingi. Wakati huohuo mwambieni mwenye ghala aandike kwenye mkataba kwamba kodi inaanza mji ukishatoa cheti cha kutumia jengo, na mkinyimwa arbuni inarudi. Akikataa, mimi ningeliacha ghala hilo hata kwa bei hiyo. Nimeona jumuiya ikilipa kodi ya jengo tupu huku ikisali kwenye maegesho, na roho iliniuma, kwa sababu swali moja mapema lingewaokoa.

Kuna mpango wa kupunguza gharama ambao ni halali kabisa: jengeni ukuta, ukumbi uwe mdogo, hesabu ishuke chini ya 300. Mwulizeni msanifu, yeye ndiye atakayejua kama sehemu nyingine ya jengo inaruhusu.

SWALI: Dada, niko San Diego, California. Tunageuza gereji iwe chumba cha watoto na bafu. Fundi anasema kwa kuwa kuta za nje hazibadiliki hakuna haja ya kibali, na kama ninataka sana nikakichukue mimi kwa jina langu. Anataka dola 9,000 mbele. — Mama wa wawili

JIBU: Kibali kinahitajika, mdogo wangu. Gereji inakuwa mahali pa kulala binadamu, na hilo linaangaliwa kuanzia sakafu hadi nyaya. Kitu ambacho ningekwenda kukitazama kwanza ni dirisha. Chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha au mlango wa kumtoa mtu wakati wa moto: dirisha lisianze juu zaidi ya inchi 44 kutoka sakafuni, na likifunguliwa uwazi wake ufike futi za mraba 5.7, au 5 kwa chumba cha chini. Magereji mengi hayana kabisa.

Muhuri wa msanifu huenda usihitajike, kwani California huziruhusu nyumba za mbao za familia zisizozidi ghorofa mbili zichorwe bila leseni, isipokuwa mkaguzi akiona muundo usio wa kawaida. Na kama mtaongeza jiko iwe nyumba ndogo kamili inayojitegemea, sheria ya jimbo inautaka mji ujibu ombi lililokamilika ndani ya siku 60, tena hauwezi kuwalazimisha mjenge maegesho mengine badala ya gereji.

Kuhusu fundi, hilo la kukuambia uchukue kibali kwa jina lako linanitia wasiwasi kuliko yote. Anayechukua kibali ndiye anayewajibika kazi ikiharibika au mtu akiumia, na mara nyingi fundi anayekwepa hana leseni. Fundi unayemlipa kwa kazi inayohitaji kibali California lazima awe kontrakta mwenye leseni. Muombe namba yake, uitafute kwenye tovuti ya bodi ya makontrakta ya jimbo, uone kama iko hai na kama ana bima ya wafanyakazi. Na hizo 9,000 usitoe. Kwa kazi ya nyumbani sheria inamruhusu kuomba malipo ya awali ya dola 1,000 au asilimia 10 ya bei yote, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili.