Kishikizo cha kamera kwenye kasia, kwa bomba la PVC

Mkuu, umeuliza namna ya kufunga kamera ndogo kwenye kasia la ubao wa kusimama (ule unaosimama juu yake majini ukipiga kasia), huku ziwa Duluti, Arusha, bila kununua kishikizo cha dukani. Inawezekana, na vitu vyote utavipata duka la hardwea hapo Tengeru au mjini.

Kata kipande kifupi cha bomba la PVC, kinene kidogo kuliko mpini. Kipasue upande mmoja kwa msumeno, kitumbukize kwenye maji yanayochemka. Kikilainika, vaa glavu ukivishe kwenye mpini, ukibane mpaka kipoe; kitabaki na umbo hilohilo. Usikichome kwa moto, moshi wa PVC ni sumu. Kisha kitoe, toboa tundu, pitisha bolti ya robo inchi yenye kichwa bapa kutokea ndani. Hiyo ndiyo saizi ya tundu la stendi kwenye kava nyingi za kamera. Tandika mpira wa tyubu ya baiskeli, rudisha, kaza kwa klipu mbili za bomba. Mpini wa kaboni ukaze kwa adabu, huo hupasuka.

Kamera ifunge karibu na kishikio cha juu cha kasia, ikikutazama. Ukiishusha kwenye jani la kasia utapata video ya kizunguzungu tupu.

Na usisahau kamba ya kuifungia kamera kwenye kasia! Duluti ni ziwa la kreta, kikizama kitu pale sahau. Funga pia kipande cha kandambili kiwe boya, ila jaribu kwanza kwenye ndoo kama kinaibeba kamera.