Safari ya nje na watoto: chagua likizo kwanza, nchi baadaye

Wazazi wengi huanza na nchi. "Mwaka huu twende Dubai," halafu ndiyo wanatafuta tarehe. Kwa familia ya Dodoma yenye mtoto shuleni, mpango huo huishia kwenye hasara, kwa sababu tarehe zenu zimeshapangwa na wengine: shule, na Bunge kama mmoja wenu yuko serikalini.

Likizo za kutosha ni mbili: ya Juni hadi mwanzoni mwa Julai, na ya Desemba hadi Januari. Zile za katikati ya mhula ni fupi. Ukitoa siku ya kushuka Dar na siku ya kurudi, zinafaa Nairobi tu.

Juni ina mtego wake hapa kwetu. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuisha mwishoni mwa Juni, mwaka wa fedha ukianza Julai 1. Mhasibu au ofisa mipango wa wizara akiomba likizo Juni 10 ataonekana anatania. Watoto wako nyumbani, mzazi anatoka ofisini usiku. Mara nyingi zinabaki siku chache tu, kati ya bajeti kupita na shule kufunguliwa, kwa hiyo tazama kalenda ya Wizara ya Elimu ya mwaka husika kabla hujalipia chochote. Njia nyingine ni mzazi mmoja kutangulia na watoto. Hapo beba barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto.

Kwa siku hizo Afrika Kusini inafaa sana. Mtanzania haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 90, na Kruger nyasi zimekauka, wanyama wanajileta kwenye maji, mbu wamepungua. Cape Town iacheni, ndiyo miezi yake ya mvua. Johannesburg ni kavu na jua linawaka mchana, lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi 4 hivi. Wengi hukosea kwa kununua jaketi moja nene: mchana mtoto analivua, jioni limebaki hotelini. Mvalishe tabaka tatu: fulana ya kubana, sweta, halafu jaketi jepesi la kuzuia upepo. Mitumba ya Sabasaba inakumalizia kazi hiyo.

Dubai mwezi huo hapana. Joto linapita nyuzi 40, na mtoto mdogo atashinda anatolewa kwenye kiyoyozi cha gari na kuingizwa kwenye kiyoyozi cha duka. Masai Mara nayo isubiri: mapema Juni nyumbu kwa kawaida bado wako Serengeti, na kulipa fedha za kigeni kwenda kuwakosa nyumbu wetu wenyewe ni kichekesho.

Ulaya Juni ni nzuri kwa sababu nchi kadhaa za huko shule hazijafungwa, hivyo msongamano wa Julai na Agosti bado. Tatizo ni usingizi. Paris jua linazama karibu saa nne usiku, na mtoto wa miaka mitatu haelewi kwa nini alale kukiwa kweupe. Beba kanga mbili za rangi nzito na vibanio vya nguo, uzitundike dirishani. Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15, ila nafasi za miadi hujaa mapema. Aprili uwe umeshapeleka maombi.

Desemba ndiyo zamu ya Dubai, na ya Umra pia, kwani hali ya hewa ni nafuu kwa watoto. Ubaya ni nauli: kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari hupanda vibaya, na Januari ada inakungoja mlangoni. Ondokeni mara shule zikifungwa, mrudi kabla wimbi la Krismasi halijaanza. Mvua za Dodoma nazo huanza mwezi huo, kwa hiyo shukeni Dar siku moja kabla ya ndege, hata kama treni ya SGR inatumia saa chache tu.

Aliyemaliza darasa la saba ana nafasi ya pekee: mtihani ni Septemba, kisha yuko huru hadi Januari. Oktoba na Novemba nauli huwa chini. Shida ni wadogo zake walioko darasani.

Kwenye tiketi, angalia siku ya kuzaliwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupakatwa na hulipiwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 mkiwa safarini, wakati wa kurudi anahitaji kiti chake, na wengi huligundua hilo wakiwa kaunta.

Pasipoti ya mtoto iombwe miezi minne au mitano kabla. Kinachochelewesha ni majina: cheti kinasema Mohamed, kitambulisho cha baba kinasema Mohammed. Linganisheni herufi kwa herufi leo, kwa sababu kusahihisha cheti kunaweza kula muda kuliko pasipoti yenyewe.