Ulizeni Fundi: Mgeni kaja, watoto wameshika brashi?

Meseji za mwezi huu karibu zote ni za warsha za sanaa za vijana, nadhani likizo inakaribia na wazazi wameanza kuwaza watoto watashinda wapi. Nimechukua tano. Wale mnaoomba namba za simu za wasanii jamani hapa hatugawi, nendeni mkawaone kwenye vibanda vyao.

*Shikamoo Fundi. Nafundisha sekondari huku Morogoro. Nina vijana 25, Jumamosi mbili, na laki tatu tulizochangisha kwa wazazi. Nataka nimlete mchoraji wa Tingatinga, ile michoro ya wanyama, kutoka Dar. Tatizo mwaka jana tulialika msanii akaongea maisha yake masaa mawili, akapiga picha na mkuu wa shule, akaondoka, watoto hawakushika hata penseli. Nifanyeje isijirudie?*

Marahaba mwalimu. Huyo wa mwaka jana msimlaumu sana, mlimpa kiti na maiki mlitegemea afanye nini? Mtu ukimpa maiki atahutubia. Safari hii mpe ubao na brashi, akae chini na watoto, yaani hata salamu azitoe huku anachanganya rangi.

Sasa tuje kwenye hela maana laki tatu ni ndogo ila inatosha ukiipanga. Jumamosi ya kwanza usimlete mgeni kabisa. Ndiyo, usimlete. Kazi ya siku ile ni ya kwako na watoto: nunua hadibodi moja ya futi nne kwa nane, mwambie fundi seremala akukatie vipande vya futi moja kwa futi moja, utapata 32, watoto wako 25 na saba vya akiba kwa sababu kuna atakayevunja na kuna mdogo wa mtu atakayekuja bila kualikwa. Pigeni msasa upande ule laini, futeni vumbi, halafu kila mtoto apake rangi ya chini anayoitaka, mara mbili, ya kwanza ikishashika ndo unarudia. Rangi ni enameli, ileile ya mageti na baiskeli, na hapo hamjakosea kitu kwa sababu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za silingi, sio kwamba alikuwa anatafuta staili, ndo vitu vilivyokuwepo dukani na mfuko wake uliviweza. Alikuwa mtu wa Tunduru aliyekuja mjini kutafuta kazi. Alichora miaka kama minne tu, mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kimakosa akafa, lakini tayari alikuwa ameshawashika mkono vijana wachache, wengi wao ndugu zake, na hao ndo wakaendeleza mpaka leo tunaita kila twiga mwenye madoa Tingatinga.

Turudi. Rangi ya chini ikikauka wiki nzima, Jumamosi ya pili mgeni anakuta mbao ziko tayari, anaanza moja kwa moja kwenye wanyama, na nauli umelipa mara moja. Siku hizi kuna treni ya umeme, Dar mpaka Moro hata masaa mawili hayafiki, anakuja asubuhi anarudi jioni, hela ya gesti umeokoa. Nusu ya laki tatu iwe ya kwake na umwambie mapema kabisa kabla hajasema ndiyo, nauli na chakula pembeni, inayobaki ndo rangi. Usinunue rangi kumi na mbili! Nyekundu, bluu, njano, nyeusi na nyeupe, na nyeupe nunua mara mbili ya zingine maana inaingia kila mahali. Wagawie watoto kwenye makopo ya nyanya.

Halafu hili nakuomba kama ndugu: fanyeni nje, chini ya mwembe, enameli na mafuta ya taa ya kuoshea brashi sio vitu vya kufungia watoto darasani, moto usiwe karibu, na wasije na sare kwa sababu enameli ikigusa shati jeupe mama mtu atakutafuta wewe.

Na mwambie mgeni sharti moja: asiguse ubao wa mtoto. Akitaka kuonyesha aonyeshe kwenye wa kwake. Nimeona warsha nyingi ambapo mwisho wa siku picha zote nzuri zimechorwa na mgeni na watoto wameweka majina tu.

*Habari Fundi, mimi ni mama niko Temeke. Mwanangu wa miaka 15 nimemlipia warsha, karudi na picha ya tembo. Nikaona kwenye simu picha za wenzie, wote tembo yuleyule, mkonga uleule!! Hivi hiyo ni sanaa au nimeibiwa?*

Mama, nimecheka kidogo, samahani. Hujaibiwa. Kunakili ndo njia ya zamani kabisa ya kujifunza huku kwetu, fundi anachora, mwanafunzi anakaa pembeni anachora kilekile, mwaka wa kwanza labda anajaza madoa tu, chui wa fundi anamaliziwa nukta na mwanafunzi. Hata hao wa Tingatinga walijifunza hivyohivyo, na walipounda ushirika wao mwaka 1990 pale Oysterbay mtindo uliendelea kuwa huo. Mkono unajifunza kwa kurudia. Mtoto ambaye hajawahi kuvuta mstari mmoja mrefu bila kutetemeka ukimwambia "chora chochote unachojisikia" atakaa ameganda, nimeona kwa macho yangu, wanaganda kweli.

Ila nitakupa haki yako kwenye kitu kimoja. Tembo wa kwanza wa kunakili sawa. Wa pili je? Kama warsha ilikuwa ya siku tano na siku ya tano bado ni tembo yuleyule, hapo waandaaji walikuwa wavivu. Waulize: siku ya mwisho mtoto alichora nini cha kwake, hata kama ni kibaya? Kuku wa nyumbani kwenu mwenye shingo mbaya aliyetoka kichwani mwake mimi namtaka kuliko tembo kumi.

Tena kijana wa miaka 15 mpeleke na sehemu nyingine, asikae na kitu kimoja. George Lilanga alikuwa mchongaji wa Kimakonde, akaingia Nyumba ya Sanaa pale Dar miaka ya 70, alianza kama mlinzi wa usiku, na kwa sababu mle ndani kulikuwa na watu wanachapa, wanachora, wanafanya batiki, na yeye akajaribu kila kitu, mashetani yake, wale viumbe aliokuwa anawachonga, yakahama kutoka kwenye mti yakaenda kwenye karatasi na rangi na dunia nzima ikayajua. Kwa Dar sasa hivi jaribu Nafasi Art Space kule Mikocheni, ipo toka 2008, studio nyingi za wasanii ni makontena, mtoto anaona mtu yuko kazini mikono michafu. Nenda naye mwenyewe siku ya kwanza, uone.

*Mambo Fundi. Sisi ni vijana wa mtaa hapa Mombasa, tuko kama 15, hatuna pesa, hatuna msanii, hatujui mtu. Tutafanya warsha kweli?*

Poa sana. Msanii mnaye, hamjamuita msanii tu. Yule dada anayepaka bibi harusi hina na piko, mkono wake hautetemeki na hatumii penseli wala ufutio, akikosea amekosea, sasa huyo akija jioni moja na karatasi na koni za hina awaonyeshe ua linaanzia wapi na linaishia wapi mtajifunza kupanga nafasi kuliko mtu yeyote atakavyowaambia kwa mdomo. Au bibi anayesuka ukili. Mnadhani mkeka ni mkeka tu, muulizeni amejuaje ukindu wa rangi gani uingie wapi ili mraba utokee, ile ni hesabu. Au jamaa anayeandika maneno kwenye matatu.

Vifaa: okoteni ndala ufukweni, ziko nyingi kupita kiasi. Ndala mbovu ni muhuri mzuri sana. Osha, chora kitu juu ya ule upande wa kukanyaga, kata pembeni yake kwa kisu kikali kiasi cha nusu sentimita kwenda chini ili mchoro wako ubaki umeinuka (kata ukielekeza kisu mbali na vidole, sio kuelekea tumboni bana), gundisha kwenye kipande cha mbao upate pa kushika. Rangi ya maji ya ukutani, ile nzito, paka kwenye sponji, gonga sponji na muhuri, gonga karatasi. Kama ni herufi kumbuka kuandika kinyume, kila grupu lazima kuna mmoja anasahau na jina lake linatoka kama la jini. Mkizoea hamieni kwenye kitambaa, ila hapo tafuteni rangi ya nguo maana ya ukutani ikifuliwa inapukutika.

*Fundi, mimi ni msanii. Nimeitwa kwenye warsha tatu mwaka huu, zote wanasema hatuna bajeti lakini utapata jina. Nikikataa naonekana nina roho mbaya kwa watoto. Nishauri.*

Jina unalo, mama yako alikupa. Waulize hivi kwa upole tu: maturubai yamelipiwa? Soda? Mpiga picha? Kama mpiga picha kalipwa na wewe hujalipwa basi bajeti ipo, wewe ndo haupo ndani yake. Kama kweli hakuna mtu yeyote anayelipwa, ni mwalimu na watoto wake na kopo moja la rangi, nenda, mara moja kwa mwaka, kwa roho safi. Ila sema na wewe unachotaka: nauli, chakula, vifaa vinavyobaki uondoke navyo, na masaa yasizidi manne. Waandike, hata kwenye WhatsApp, "tumekubaliana hivi". Na huyo mwalimu wa Morogoro hapo juu kishatenga fungu lako kabla hajanunua rangi, kwa hiyo akikupigia pokea.

*Fundi brashi zangu zimekauka na enameli, zinapona?*

Kama ni za jana loweka kwenye tina, ile ya kuyeyushia rangi, zinaweza kupona. Kama ni za warsha ya mwezi wa tatu, hizo sasa ni vijiti vya kukorogea rangi.