Usilipie leseni ya kulungu Wyoming kabla hujaijua barabara utakayoingilia

Mkuu, simama hapo hapo. Usibonyeze kitufe cha kulipa. Umeandika hapa jukwaani kwamba uko Ohio, una pointi nne za kulungu za jimbo la Wyoming, Marekani (zile zinazolimbikizwa mwaka hadi mwaka ili upate nafasi nzuri kwenye droo ya leseni), na umeshachagua kitalu kwa sababu "asilimia 80 ni ardhi ya umma". Kisha ukauliza bunduki, hema, baridi ya Oktoba na namna ya kurudisha nyama nyumbani. Hayo ya mwisho ni madogo. Asilimia kama hiyo ndiyo iliyoniteketezea pointi zangu, na kila nikiona mtu anaitaja roho inaniuma.

Kwanza liondoe kichwani neno kitalu kama tulivyolizoea Tanzania. Kule kitalu cha uwindaji hupangishwa kampuni, na mwenye kibali cha humo huingia humo. Wyoming, kitalu ni mstari tu uliochorwa na idara ya wanyamapori ili kugawa leseni na tarehe. Ndani ya mstari mna mashamba ya watu, ardhi ya jimbo, misitu ya taifa na ardhi ya BLM (idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma), na kila moja ina masharti yake. Leseni yako haikupi haki ya kukanyaga hata futi moja ya mwenye shamba. Na usisubiri kuona kibao: ukiingia kuwinda kwake bila ruhusa umevunja sheria, kibao kiwepo kisiwepo.

Sasa hiyo asilimia. Kwenye ramani njano ni BLM, kijani ni msitu wa taifa, buluu ni ardhi ya jimbo, nyeupe ni ya mtu binafsi. Jicho huona njano na kijani vimetanda, moyo ukatulia. Wewe tazama nyeupe, hata ikiwa nyembamba kama uzi, maana ndiyo inayokaa mabondeni, penye maji na penye barabara. Walowezi walichukua kingo za mito, serikali ikabaki na miinuko iliyo nyuma yake. Kwa hiyo mlima mzima wa umma unaweza kuzungukwa na shamba moja usiwe na pa kuingilia. Hesabu iliyotolewa 2018 na Theodore Roosevelt Conservation Partnership, shirika la uhifadhi, pamoja na onX, kampuni ya ramani za simu, ilikuta ekari milioni 9.52 za serikali kuu katika majimbo ya magharibi hazina njia halali ya kuzifikia, na milioni 3.05 kati ya hizo ziko Wyoming. Ekari za namna hiyo nazo huhesabiwa kwenye asilimia za ardhi ya umma.

Kinachowanasa wengi ni barabara. Simu inakuonyesha mstari unaotoka barabara kuu hadi msituni, unauamini, unaendesha siku mbili, unakuta geti lina mnyororo. Barabara kuchorwa hakuifanyi kuwa ya umma. Nyingi ni njia za trekta za mwenye ranchi. Hakikisha mambo mawili. Kwanza, kipande kinachopita kwenye nyeupe ni barabara ya kaunti: piga simu ofisi ya barabara ya kaunti, wataje namba yake, uulize kama inatunzwa na kaunti hadi mwisho au inaishia kwenye geti. Pili, ukishaingia kwenye kijani, chukua ramani ya magari ya Huduma ya Misitu, ile MVUM inayotolewa bure. Inaonyesha njia ipi inaruhusu gari, la aina gani, na kuanzia tarehe ipi hadi ipi. Njia isiyokuwemo humo ni ya miguu au farasi hata kama ina alama za matairi.

Ardhi ya jimbo, ile ya buluu, unaweza kuwinda ukiifikia kihalali, ila huruhusiwi kulala humo wala kuwasha moto. Ukivuka kwenda Colorado mambo yanageuka: kule ardhi ya jimbo imefungwa isipokuwa ile iliyoingizwa kwenye mpango wa kufunguliwa kwa wawindaji.

Kuna mtego mwingine ambao hakuna aliyekutajia kwenye uzi huu. Ukiwa mgeni wa Wyoming huruhusiwi kuwinda kulungu ndani ya pori lililotengwa kwa Sheria ya 1964, yale yanayoitwa Wilderness, bila kiongozi mwenye leseni au mkazi wa jimbo aliyechukua kibali cha kukuongoza bila malipo. Kwa kutembea, kuvua samaki na kulala humo huna shida. Kuwinda wanyama wakubwa, hapana. Leseni ya jumla, isiyofungwa kwenye kitalu kimoja, mgeni huipata kwa kanda, yaani kundi la vitalu lenye herufi yake. Kanda H ina mapori ya Bridger na Gros Ventre, na yote mawili ni kijani kizuri sana kwenye ramani. Kanda G ina safu za Wyoming Range na Salt River Range zisizo na pori la namna hiyo, ndiyo maana wageni wanaigombania. Na kumbuka mkazi mwenye leseni ya jumla akikosea mlima huhamia kanda nyingine kesho yake. Sisi leseni hutufunga kwenye herufi moja msimu mzima.

Kusini, kufuata reli ya Union Pacific, ardhi imegawanywa kama ubao wa drafti: mraba wa umma, mraba wa mtu. Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 10, ambayo Wyoming imo, iliamua Machi 2025 kwamba mwenye ardhi hawezi kukuzuia kuvuka kwa miguu kutoka pembe ya umma hadi pembe ya umma bila kugusa ardhi yake, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo Oktoba mwaka huo. Vizuri. Lakini lazima uikute alama ya wapima ardhi yenyewe pale kwenye pembe, kwa sababu simu hukosea kwa mita kadhaa, na uamuzi huo haufiki Montana.

Yule aliyeniuzia orodha ya "vitalu kumi bora" hakugusa hata moja kati ya haya. Alipanga vitalu kwa asilimia ya ardhi ya umma na asilimia ya wawindaji waliopata kulungu, basi. Waliopata ni pamoja na waliolipia kuingia ranchi binafsi na waliokuwa na viongozi. Kitalu ambacho mlima wake wa umma umefungwa kinaweza kuonyesha mafanikio makubwa kwa sababu hiyo hiyo: wanaoua wako upande wa pili wa uzio. Watu wanadunduliza pointi miaka mitano, wanaomba ruhusa kazini, halafu mtu anawauzia namba ambazo hakuzifungua kuona ndani yake. Nina hasira naye hadi leo.

Hata ukipata njia halali, uliza kama inakupeleka waliko kulungu tarehe zako. Kulungu tunayemwinda huku, mule deer, mwenye masikio ya nyumbu (nyumbu wa mizigo, si wa Serengeti), anahama. Kuna kundi linalotoka Red Desert hadi Hoback, karibu kilomita 240, na wanaanza kushuka majira ya vuli. Kanda G na H hufunguliwa katikati ya Septemba, madume wakiwa bado juu, mita 2,700 na zaidi. Tambarare ya njano chini yao, ambako kuingia ni rahisi, wakati huo haina kitu. Na usisome takwimu za zamani: majira ya baridi ya 2022–23 yaliua takribani asilimia 70 ya majike wazima wenye kola za redio katika kundi la Wyoming Range, pamoja na karibu watoto wote waliofungwa kola. Ripoti ya 2021 inakuhesabia waliokwisha kufa.

Mpigie mwanabiolojia wa eneo hilo, asubuhi ya katikati ya wiki, umuulize: siku ya kufunguliwa madume wako mwinuko gani, na barabara ipi hufungwa na theluji kwanza? Kisha pima kutoka unapoegesha hadi mteremko huo. Dume mmoja hutoa kilo 25 hadi 40 za nyama bila mifupa, kwa hiyo kilomita tano ni safari mbili mgongoni, kwenye hewa nyembamba.

Bunduki yako ya .270 inatosha. Hema tutaongea. Leta hapa namba ya barabara, mahali pa kuegesha na jina la mteremko kabla dirisha la maombi halijafungwa mwanzoni mwa Juni. Kimojawapo kikikosekana, usiombe mwaka huu: subiri Julai, nunua pointi ya tano kwa dola 40, na hizo dola 374 za leseni zibaki mfukoni mwako.