Kelele Mpya Kwenye 911 ya Kupozwa kwa Hewa: Uliza Kwanza Inakuja Lini

Ukishapata Porsche 911 ya zamani, zile za kupozwa kwa hewa zilizotengenezwa hadi 1998, masikio yako hayatulii tena. Ni kawaida. Injini hii haina maji ya kuizunguka na kufunika sauti. Ina feni kubwa, cheni mbili, vali 12 na mabati ya kuelekeza hewa, na yote hayo yanafanya kazi mgongoni mwako. Hata ikiwa nzima kabisa inacharaza kama cherehani. Yangu ni Carrera 3.2 ya 1986, na kwa miaka niliyokaa nayo nimejifunza kutohangaika sana na jinsi kelele inavyolia. Kila mwenye gari atakuambia "inafanya tik-tik", na tik-tik inaweza kuwa kitu cha kukaza nati au cha kuishusha injini. Kinachosaidia ni kujua kelele inakuja lini na inaondoka lini. Injini baridi au moto? Ukikanyaga klachi inabadilika? Inatokea gari likiwa na mzigo, au hata likiwa limesimama?

Kabla ya yote pima oili, na uipime inavyotakiwa: injini imeshapata moto, inanguruma, gari liko mahali tambarare. Oili ya 911 inakaa kwenye tangi lake la pembeni, na ukizima injini sehemu yake hushuka kurudi chini. Ukichomoa dipstiki asubuhi gari likiwa limelala, unasoma uongo, na kuna watu wamejaza oili kupita kiasi kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa hiyo tik-tik. Yangu ilikuwa upande wa kushoto, kali injini ikiwa baridi, halafu ikififia kadiri injini inavyopata joto. Kelele inayofifia hivyo mara nyingi ni egzosi inayovuja: chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa. Nilichukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine nikaipitisha polepole chini ya injini. Kwenye silinda namba 3, ile ya mbele kabisa upande huo, pumzi ilinipiga sikioni waziwazi. Nilipoingiza kioo kidogo chenye mkono nikaona mstari wa masizi meusi pale bomba linapoungana na kichwa cha silinda. Gasketi mpya, kazi ikaisha. (Kuzifungua nati za pale ni habari nyingine. Zimekaa kwenye moto miongo kadhaa, kwa hiyo anza kuzilowesha dawa ya kutu siku moja kabla.)

Tik-tik isiyofifia, inayobaki ile ile injini ikiwa moto, inanielekeza kwenye tapeti, yaani kile kinachoisukuma vali ifunguke. Hesabu inasaidia hapa. Kamshafti, shafti inayofungua vali, inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo kwenye silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) ya mizunguko 900 kwa dakika, vali moja inagonga mara 7 au 8 kwa sekunde. Kitu cha krenki kinapiga mara 15, na sikio likizoea linaitambua tofauti hiyo. Ukiwa na taa ya kupimia taimingi, ibane kwenye waya wa plagi moja uitazame huku unasikiliza. Kelele ikienda sambamba na mmweko, chanzo kiko kwenye vali au egzosi. Nafasi ya tapeti kwenye injini ya 3.2 ni milimita 0.10, nayo hupimwa injini ikiwa baridi. Na hapa nina msimamo: usimkubalie fundi anayebana tapeti ili injini inyamaze. Tapeti iliyolegea kidogo inakera masikio tu, lakini iliyobana haisemi kitu, vali haikai vizuri kwenye kiti chake, na siku moja utaikuta imeungua.

Ukifungua vifuniko vya chini vya vali kwa ajili ya kazi hiyo, angalia ndani kabla ya kumwaga chochote. Kwenye injini za mwishoni mwa miaka ya 1970 na za 911 SC (toleo la kabla ya Carrera 3.2), stadi za upande wa egzosi, boliti ndefu zinazobana vichwa vya silinda, zina tabia ya kukatika, na unaweza kuikuta nati imelala kwenye kifuniko ikiwa bado na kipande cha stadi ndani yake. Stadi ikikatika kichwa hakibanwi sawasawa, na kelele yake hufanana na ya egzosi inayopumua.

Mchakacho wa sekunde moja unapowasha asubuhi ni cheni zikisubiri presha ya oili. Ukiendelea, au ukirudi injini ikiwa moto, sikiliza pembe za nyuma za injini, kila upande na cheni yake. Vikazio vya cheni vya zamani vilikuwa vinachoka. Vile vinavyosukumwa na oili ya injini vilikuja na Carrera 3.2 mwaka 1984, na vinaweza kufungwa kwenye injini za kabla yake. Cheni ikiruka meno, vali zinakutana na pistoni. Hili usilisogeze mbele hata wiki moja.

Mluzi unaopanda na mizunguko ni wa feni au alteneta, kwa kuwa vinatumia shafti moja. Toa mkanda, washa kwa sekunde chache, sikiliza, zima. Ni sekunde kweli, maana bila mkanda huna upoozaji wowote. Mluzi ukiwa umepotea, umeshajua ni beringi. Kelele inayonyamaza ukikanyaga klachi iko giaboksi, na inayoanza ukikanyaga ni beringi ya klachi yenyewe.

Mchakacho mwembamba unapokanyaga mafuta kwa nguvu gari likiwa kwenye mwendo mdogo ni petroli inayolipuka vibaya, si chuma kilicholegea. Kwa wenye 964, toleo la 911 lililofuata Carrera 3.2 na lenye plagi mbili kwa kila silinda, angalieni mkanda mdogo ulio ndani ya distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi. Ukikatika, nusu ya plagi zinaacha kuwaka, na gari bado linatembea bila kukuambia.

Halafu kuna ule mlio mzito wa kugonga, ngo-ngo-ngo, unaosikika zaidi unapoachia mafuta kidogo baada ya kuyakanyaga, huku presha ya oili ikiwa chini kuliko ulivyozoea. Huo hauhitaji majaribio. Zima, livute gari hadi nyumbani. Mwaga oili kwenye beseni safi, pasua filta, tandaza karatasi yake juani. Vipande vinavyovutwa na sumaku ni chuma cha kawaida, kwa mfano cha meno ya gia. Visivyovutwa, vyenye rangi ya shaba au fedha na vinavyomeremeta, kwa kawaida ni vya beringi za krenki, yaani injini imenoki na inashuka. Oili nzito au dawa ya chupa itaifunika sauti kwa muda, na katika muda huo ndipo krenki inapoliwa.