Fundi, mawe ya ukingo wa bwawa yanamenyuka

SWALI: Shikamoo fundi. Nyuma ya nyumba tuna kabwawa ketu ka kuogelea, kana miaka minne, ukingo wote tuliweka mawe ya asili, yale ya mchanga yenye rangi kama asali, mume wangu ndo aliyapenda. Mwaka wa kwanza yalikuwa safi tu, wa pili tukaachana na klorini ya kumwaga tukafunga mashine ya chumvi, ile inayotengeneza klorini kutoka kwenye chumvi ya bwawani, sasa hivi ukipita peku unasikia mchanga chini ya miguu, mawe yanabanduka tabaka tabaka hasa pale kwenye ngazi watoto wanapotokea, na yanatoa unga mweupe. Matatu yanacheza kabisa ukiyakanyaga. Fundi wetu anasema tupige vanishi mawe yote, yatatulia. Tupige?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Marahaba mama. Hiyo vanishi usipige, na kama ilishanunuliwa rudisha dukani.

Wewe mwenyewe umeshajijibu nusu, umesema hasa pale kwenye ngazi. Bwawa la chumvi huwa na gramu 3 mpaka 4 hivi kwa lita, bahari inafika kama 35, ndo maana watu wanasema chumvi yenyewe kidogo tu haiwezi kula jiwe. Sawa, ila kila mtoto akitoka anamwaga maji pale, jiwe la mchanga linayanywa, jua linakausha, maji yanaondoka chumvi inabaki, kesho tena hivyo hivyo. Ikijaa kwenye vitundu vya jiwe inaganda chembe chembe, zinakua, zinasukuma ngozi ya juu mpaka inabanduka. Mawe yanayoliwa zaidi ni yale ya kulowa na kukauka, kulowa na kukauka.

Sasa ukipiga vanishi unafunga mlango wa juu tu, maji bado yanapanda kutoka chini kwenye saruji, chumvi inagandia chini ya hiyo vanishi, vanishi inabanduka na ngozi ya jiwe pamoja. Mimi nilishawahi kupiga, miaka hiyo najifunza, nikaitwa tena kuja kubandua maganda kwa skrepa siku nzima, na juu ya hapo vanishi ikilowa inateleza.

Kwanza ule unga, kwangua kidogo uweke kwenye kijiko cha maji. Ukiyeyuka ni chumvi. Usipoyeyuka, dondoshea siki, ukitoa povu hiyo ni chokaa inayotoka kwenye saruji ya chini, maana yake maji yanapita chini ya mawe. Mara nyingi utakuta vyote viwili.

Unga ufagie ukiwa mkavu, ndo uoshe mawe kwa maji baridi, uyaache yakauke, urudie mara kadhaa mpaka uache kutoka. Asidi hapana, mashine ya presha nayo iweke mbali, itamaliza kilichobaki. Mawe yakikauka kabisa paka dawa ya kuzuia maji ile inayozama ndani (uliza ya silani au siloksani), hiyo inaacha jiwe lipumue. Ila haiponyeshi jiwe lililokwisha kuliwa, hayo ya ngazini nadhani utayabadilisha tu. Unapochagua mengine dondoshea maji, likinywa fasta liache, graniti isiyong'arishwa itakufaa zaidi.

Hayo matatu yanayocheza ni kesi nyingine na hapo ndo namshuku fundi wako. Gonga kila jiwe kwa mpini wa bisibisi, linalotoa mlio wa debe tupu limeachia. Halafu angalia ule mstari kati ya ukingo na sakafu ya nje, umejazwa nini? Kama ni saruji, basi tatizo ndo hilo. Sakafu ikipata jua inatanuka, haina pa kwenda, inasukuma mawe. Pale inatakiwa nafasi ya milimita 10 hivi iliyoachwa mpaka chini, unaweka kamba ya sponji halafu silikoni ya nje juu yake. Hiyo saruji ikatwe kwa grainda kwanza ndo mawe yarudishwe, na yakirudishwa gundi ienee mgongo mzima wa jiwe, si vile vidonge vitano vya kwenye pembe na katikati. Na mwaga ndoo ya maji uone yanaelekea wapi, yakisimama ukingoni kazi bado.

SWALI: Mawe yangu mapya yana madoa ya kahawia kama kutu, nimemwagia jiki yanazidi. Nifanyeje?

JIBU: Acha jiki, haitoi kutu. Angalia madoa yanaanzia wapi: miguu ya viti vya chuma, ngazi ya bwawa, au mbolea ya bustani yenye chuma iliyorukia. Kama yametapakaa katikati ya jiwe bila mpangilio basi chuma kimo ndani ya jiwe lenyewe, utapunguza kwa dawa ya kutu isiyo ya asidi lakini yatarudi. Mpigie aliyekuuzia.